Pampu Isiyojua Kuwa Injini Imezimika

Anayeshuka boti Mkoani, Pemba, na kuchukua gari kwenda Chake Chake hukutana na kilima kabla hajapata nafasi ya kuingiza gea ya tatu. Kwa kaskazi mbili mfululizo kilima hicho kilikuwa mtihani wa Corolla langu la KE70, lenye injini ya 4K ya cc 1290, gari nililoachiwa na ami yangu na ambalo sina moyo wa kuliuza. Nililiegesha juani bandarini, nikapokea mgeni, tukapakia mizigo, likawaka mara moja tu na kuondoka vizuri. Kisha katikati ya mlima likaanza kukohoa, likaishiwa nguvu, likazimika. Baada ya dakika 20 za kusimama na boneti wazi liliwaka tena kama ambalo halikuwa na neno.

Kila aliyesimama kunisaidia alikuwa na jawabu lilelile: "Toa hiyo pampu, yakhe, weka ya umeme." Niliwasikiliza, na mwishowe nikafanya hivyo. Lakini nilifanya vibaya mara mbili kabla ya kufanya vizuri, na makosa yote mawili yalitoka mahali pamoja: si mimi wala fundi wangu aliyejiuliza ile pampu ya zamani ilikuwa ikitufanyia kazi gani nyingine, mbali na kuvuta petroli.

Pampu hiyo hukaa ubavuni mwa injini, imefungwa kwa bolti mbili. Ndani, kwenye kamshafti (shafti inayofungua vali za injini), mna kipande cha duara ambacho kitovu chake kimewekwa upande, na kila kamshafti inapozunguka, kipande hicho huusukuma mkono wa pampu. Mkono hukivuta chini kiwambo cha mpira, petroli ikaingia kupitia vali ya kwanza. Wengi hudhani kuwa mkono huohuo ndio unaoipeleka petroli kwenye kabureta, chombo kinachoichanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini. Sivyo. Kinachosukuma ni springi iliyo chini ya kiwambo. Kabureta ikijaa na sindano ya floti (boya lililomo ndani yake) ikafunga, petroli haina pa kwenda, kiwambo hubaki chini kimeikandamiza springi, na mkono hucheza bure mpaka kabureta itakapohitaji tena. Kwa hiyo presha haipandi kwa kuwa injini inakwenda mbio. Hutegemea ugumu wa ile springi, na kwa injini kama yangu ni baina ya baa 0.2 na 0.3. Ni kidogo sana, na ndiyo inayotakiwa.

Udhaifu wake uko mahali ilipowekwa. Pampu imeegemea chuma cha injini, na kazi yake ni kuvuta petroli kutoka kwenye tangi lililo nyuma kabisa ya gari. Petroli si kitu kimoja kama maji, ni mchanganyiko wa vitu vingi, na vile vilivyo vyepesi huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 35 au karibu yake. Isitoshe, kitu kinachovutwa huchemka mapema kuliko kinachosukumwa, kwa kuwa mvuto hupunguza presha ndani ya bomba. Gari likisimama na injini ya moto, upepo wa feni haupo tena, joto la injini linapanda na kuingia kwenye pampu, na ndani yake panabaki mvuke badala ya petroli. Kiwambo kinapanda na kushuka, mvuke unabanwa na kuachiwa, na kabureta haipati kitu. Kilichobakia ndani ya kabureta ndicho kilichokuwa kikinifikisha katikati ya kilima.

Hata hivyo, kabla hujatoa pampu, chunguza kwanza, kwa sababu pampu nyingi huhukumiwa kwa makosa ya wengine. Mpira wa petroli ulio nyuma ya pampu, upande wa kuvutia, ukipasuka haudondoshi petroli, unaingiza hewa, na kwa hiyo hutauona ufa wake kwa kutafuta tone. Wangu ulikuwa umepasuka chini ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki, na niliugundua nilipoukunja kwa vidole ukafunguka kama ganda la ndizi bivu. Kifuniko cha tangi nacho kina tundu dogo la kuingizia hewa. Tundu likiziba, pampu hushindana na tangi zima, na mtu atabadilisha pampu tatu asipone. Kulijua hilo ni rahisi: gari linapozimika, fungua kifuniko huku umetega sikio, ukisikia linavuta pumzi basi ugonjwa umeshaupata. Jengine ni oili. Kiwambo kikitoboka, petroli inaweza kuteremkia ndani ya injini. Vuta kijiti cha kupimia, ukinuse; oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usiwashe hilo gari mpaka umebadilisha vyote viwili, kwa maana oili iliyochanganyika na petroli haibebi tena beringi.

Nilipobadilisha mpira, hali ilipungua ubaya, haikuisha. Tulipoitoa pampu tuliona kwa nini. Baina ya pampu na injini kiwandani huwekwa kipande kinene cheusi cha kuzuia joto. Cha kwangu hakikuwepo, fundi fulani wa zamani alikitupa na kuweka gasketi ya karatasi peke yake. Kwa kufanya hivyo aliisogeza pampu karibu na moto, na pia aliuingiza mkono wake ndani zaidi, ukawa unakivuta kiwambo kuliko kipimo chake. Kiwambo nilikiweka kwenye kiganja nikakielekeza dirishani: upande mmoja palikuwa na ufa mwembamba wenye umbo la mwezi mwandamo, na nyuzi za kitambaa zikionekana ndani yake. Hakijatoboka bado, lakini siku zake zilikuwa za kuhesabika.

Ningeweza kuishia hapo kwa kununua kipande cheusi na kiwambo kipya. Sikufanya, kwa sababu mbili. Vipuri vya pampu hiyo havikupatikana Chake, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatamani ya umeme.

Hapo ndipo kosa la kwanza. Fundi wangu, mtu mzima ninayemheshimu na aliyenifundisha mengi, aliniletea pampu aliyoitoa ndani ya tangi la gari la kisasa lililokufa. "Pampu ni pampu, mwalimu," aliniambia. Tukaifunga chini ya gari, tukawasha. Injini ilinguruma kwa dakika moja au isiyotimia, ikatoa moshi mweusi, kisha petroli ikaanza kutoka juu ya kabureta kupitia tundu la hewa na kuteremka ubavuni. Nilizima mwenyewe kwa kuchomoa waya wa betri, na mikono ikawa inanitetemeka kwa muda mrefu.

Gari linalopulizia petroli kwa sindano za umeme linahitaji presha ya baa 2.5 hadi 3, na pampu yake imetengenezwa kwa ajili hiyo. Kabureta yangu inataka baa 0.3, yaani sehemu moja ya kumi. Sindano ya floti, ambayo ncha yake haizidi punje ya mchele, haiwezi kuuzuia msukumo wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, pampu ya ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka, na ukiitoa nje ikaning'inia chini ya gari itaungua hata kama presha yake umeidhibiti. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji si bei wala nguvu, ni presha. Wingi wa petroli usikubabaishe. Gari langu hula kama lita 8 kwa kilomita 100. Nikienda mwendo wa kilomita 80 kwa saa, jambo ambalo barabara ya Mkoani haimruhusu mtu kulifanya kwa muda mrefu, hiyo ni lita 6 na nusu kwa saa. Pampu ndogo kabisa ya kabureta hutoa mara nyingi ya kiasi hicho.

Nilichonunua baadaye ni kile kisanduku kidogo cha chuma chenye sumaku ya umeme ndani yake, kinachogonga kinapofanya kazi. Kinatumia ampea mbili au pungufu yake. Nilipokisikia kwa mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu sauti ile nilikuwa ninaijua tangu utotoni.

Ami yangu, kabla ya Corolla, alikuwa na Morris Minor. Magari hayo yalitoka kiwandani Uingereza yakiwa na pampu ya umeme ya SU, iliyofungwa kwenye ukuta baina ya injini na abiria. Ndani ya pampu ya SU mna sumaku inayokivuta kiwambo, na kiwambo kikifika mwisho wa safari yake hutenganisha ncha mbili za umeme, sumaku ikaachia, springi ikasukuma, ncha zikagusana tena. Ami alipofungua switi, kabla hajawasha, tulisikia tik-tik-tik ya haraka, kisha ya polepole, kisha kimya. Kimya maana yake kabureta imejaa. Ikiwa tik-tik haikomi, ama tangi halina petroli ama kuna mahali inapovuta hewa, na ami alijua lipi kati ya mawili kwa kusikiliza tu. Na siku ambayo haikulia kabisa, alishuka, akaigonga kwa kishikio cha bisibisi, ikaamka. Zile ncha huungua na kushika uchafu kwa miaka, na pigo moja huzitikisa zikagusana. Basi anaponiambia mtu kwamba pampu ya umeme ni mambo ya kisasa, ninakumbuka kwamba wazee walikuwa nayo katika miaka ya 1950, na kwamba ni gari lililokuja baadaye lililokuwa na ile ya mkono. (Mwenye Morris bado, aangalie kabla ya kununua pampu mpya: gari hilo waya wake wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, na pampu nyingi za leo zina vifaa vya elektroniki ndani ambavyo ukivigeuzia umeme vinakufa papo hapo.)

Kosa la pili lilikuwa la waya, na hilo sikulijua kuwa ni kosa kwa muda wa miezi mitatu. Tuliifunga pampu nyuma, karibu na tangi na chini ya usawa wake, mbali na ekzosi, kwa sababu pampu hizi husukuma vizuri lakini huvuta vibaya. Tukaweka filta kabla yake, kwa kuwa punje moja ya kutu kutoka kwenye tangi huweza kuikwamisha vali yake. Kisha tukauchukua umeme kutoka kwenye switi ya gari, moja kwa moja. Ukifungua switi, pampu inafanya kazi. Gari likawa zuri. Kilima cha Mkoani nikakipanda saa nane za mchana, watu wanne na magunia, bila ya kikohozi.

Siku moja pale Mtambile nilisimama kando ya barabara kuongea na mwenzangu, gari likazimika lenyewe kwa kuwa sailensa (mwendo wa injini gari likiwa limesimama) ilikuwa chini kidogo. Sikujali, nikaacha switi wazi na kuendelea na mazungumzo, kichwa nje ya dirisha. Mtoto aliyekuwa akigeuza karafuu juani kwenye jamvi ndiye aliyeniita: "Mjomba, gari lako linakojoa." Sindano ya floti ilikuwa imekwama kwa uchafu, na pampu, ambayo haikuwa na habari kuwa injini imezimika, iliendelea kusukuma. Petroli ilikuwa inapita juu ya bomba la ekzosi lililo moto na kudondoka barabarani, na harufu ya karafuu ilikuwa imeifunika harufu yake hata sikuitambua.

Hiyo ndiyo kazi ya pili ya pampu ya zamani, ile ambayo hatukuiandika kwenye hesabu. Inasukumwa na injini, kwa hiyo injini ikisimama nayo inasimama. Gari likipinduka, likigongwa, mpira ukichomoka, petroli inakoma kwa sababu hakuna cha kuisukuma. Ukiitoa, ulinzi huo unauondoa pamoja nayo, na usipourudisha kwa waya umebaki na gari lenye uwezo wa kumwaga tangi zima juu ya injini ya moto ilhali dereva amezimia kwenye usukani.

Namna ya kwanza ya kuurudisha ambayo fundi alinionesha ni ya kutumia swichi ya oili, ile inayowasha taa nyekundu kwenye dashibodi. Ina werevu wake. Swichi hiyo hufunga njia ya umeme wakati oili haina presha na huifungua presha ikipatikana, yaani kinyume cha tunachotaka. Kwa hiyo unahitaji relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya miguu mitano, ambayo inapopata umeme hukata na inapokosa huunganisha. Injini ikisimama, presha inaanguka, taa inawaka, relei inavuta na kuikatia pampu. Kwa kuwa wakati wa kupiga stata bado hakuna presha, unatoa waya mwengine kutoka kwenye stata ili pampu ipate umeme kwa muda huo. Tuliufanya na ukafanya kazi. Lakini usiku, nikiwa nimelala, nilijiuliza: ajali ikiukata waya wa swichi ya oili, relei itaelewa nini? Itaelewa kwamba presha ipo. Pampu itaendelea. Ulinzi unaokufa pamoja na waya mmoja mwembamba ulio mbele ya injini si ulinzi.

Namna ya pili ndiyo niliyobaki nayo. Zipo relei zinazosikiliza koili (kifaa kinachozipa plagi umeme), ambazo magari ya Kijerumani yenye sindano za zamani yalikuja nazo. Mguu wake mmoja huunganishwa na upande hasi wa koili, na kila plagi inapochoma, relei inapata ishara. Ukifungua switi, inaipa pampu sekunde moja au mbili za kujaza kabureta. Ikisikia ishara za koili inaendelea, ishara zikikoma inakata. Waya ukikatika, ishara hazipo, pampu inasimama. Upande wa hitilafu ni upande wa usalama. Yangu iliokotwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ikaja kwa boti ndani ya boksi la biskuti. Baina ya betri na relei niliweka fyuzi, karibu na betri kadiri ilivyowezekana, ili waya mrefu unaopita chini ya gari usibaki bila mlinzi.

Jaribio lake ni jepesi, na mwenye kazi ya namna hii asiondoke gereji kabla hajalifanya: washa gari, kisha chomoa waya wa koili, ule mwembamba unaotoka kwenye switi, huku switi iko wazi. Injini inakufa, na pampu iwe kimya ndani ya sekunde mbili. Ikiendelea kugonga, kazi haijaisha, hata kama fundi amekwisha kunawa mikono.

Mengine ni madogo lakini yana visa vyake. Tundu lililoachwa na pampu ya zamani kwenye injini huzibwa kwa kibati. Tulichokikata kwanza kilikuwa chembamba, kikajikunja katikati ya bolti mbili, oili ikawa inachuruzika mpaka kwenye ekzosi na gari likanuka kama jiko la samaki. Kibati kiwe kinene, milimita 5 au zaidi, na gasketi chini yake. Wapo wanaoiacha pampu ya zamani mahali pake na kupitisha petroli ndani yake, ili wasihangaike na kibati. Ni hatari, kwa maana kiwambo chake kikitoboka, pampu ya umeme itaijaza injini petroli kwa bidii kuliko ile ya zamani ingeweza. Mipira nayo iwe ya petroli hasa, iliyoandikwa hivyo, si ile ya plastiki nyeupe inayouzwa kwa mita ambayo kwa joto letu hugeuka ngumu kama kijiti na kuchomoka yenyewe. Bomba jembamba la kurudishia petroli kwenye tangi, kama gari lako linalo, usilizibe; petroli inayozunguka haikai kupata joto.

Na chumvi. Sisi tunaishi kisiwani. Waya wa pampu unaofungwa kwenye bodi nyuma ya gari, ukiufunga juu ya rangi au kutu, utafanya kazi mwezi mmoja. Nilikwangua mpaka chuma cheupe, nikafunga, nikapaka grisi juu. Kila masika yakiisha ninaifungua tena na kuiangalia, na kila mara ninakuta kaukungu ka kijani kameanza.

Watu huniuliza kama gari limepungua kula mafuta. Halikupungua, na asiyeuza pampu hawezi kukuambia kuwa litapungua. Kiasi cha petroli kinachoingia kwenye injini kinaamuliwa na floti na jeti za kabureta, si na pampu. Nguvu nayo ni ileile, isipokuwa kwa gari lililokuwa na njaa. Faida niliyoiona ni nyengine kabisa. Ninapokwenda Unguja kwa wiki nzima, petroli iliyomo kwenye kabureta huvukiza yote. Zamani nikirudi nilipiga stata mpaka betri ikazimia na jirani akatoka nje na koti la kulalia. Sasa ninafungua switi, ninaisikia ikigonga nyuma, inanyamaza, ninaifunga na kuifungua tena ili iongeze kidogo, kisha ninawasha.

Kiwambo na kile kipande cheusi nilivipata hatimaye, miezi minane baadaye. Pampu ya zamani nimeitengeneza, nimeijaribu kwa kidole kwenye tundu lake, inavuta na kushika. Imo kwenye buti, imefungwa kwa kitambaa pamoja na gasketi yake, mipira miwili iliyokwisha kukatwa kwa urefu wake na spana namba 12.